Msitu Ulioitwa Mtupu

Mwulize mzee wa kijiji cha msituni: "Msitu huu ni wa nani?" Hatasita. Atakuonyesha kijito na kusema: "Toka hapa mpaka kilima kile ni pa ukoo wetu. Ng'ambo ni pa wajomba zetu." Halafu nenda mjini, ukamwulize karani wa ofisi ya misitu neno lilo hilo. Yeye naye hatasita. Atafungua kitabu cha sheria na kukujibu: "Msitu ni mali ya Serikali."

Hakuna mwongo kati ya hao wawili. Kila mmoja anasema alivyofundishwa na wakubwa wake. Lakini watu wa misitu ya Kongo wameishi katikati ya majibu hayo mawili kwa zaidi ya miaka 130, nao wameumia sana. Yafaa basi tueleze habari hii toka mwanzo. Leo hii kuna vijiji vinavyoletewa karatasi za kutia sahihi juu ya msitu wao, na asiyejua karatasi za jana atadanganyika kwa karatasi za leo.

Shamba linalopumzika

Kwanza tukumbuke jinsi watu wa msituni wanavyolima. Mwanamume anakata miti wakati mvua inapopungua, anaichoma, kisha mke wake anapanda mpunga au mahindi, na baadaye mihogo na ndizi. Baada ya miaka miwili au mitatu udongo umechoka. Hawaulazimishi. Wanauacha upumzike, wanakwenda kulima mahali pengine. Pori linarudi: kwanza majani, halafu miti ya kombokombo inayokua upesi, halafu miti mikubwa polepole. Baada ya miaka 15 au 20 nguvu ya udongo imerudi, na watoto wa wale wa kwanza wanarudi kulima palepale.

Katika miaka hiyo ya pumziko mahali pale hapakuachwa kabisa. Wanawake wanakwenda kuchuma majani ya mangungu ya kufungia chakula, na kuokota viwavi majira yao yakifika. Wanaume wanatega mitego na kugema michikichi. Wagonjwa wanatafutiwa dawa huko, na wazee waliozikwa katika kijiji cha zamani wako palepale. Na Wambuti na Batwa, ambao kazi yao ya asili ni kuwinda na kuokota, wanapita msitu mzima kwa zamu, kila kundi katika sehemu yake, bila kuacha alama ila majivu ya moto na vibanda vya majani.

Mgeni akipita haoni nyumba, haoni jembe, haoni moshi. Anasema moyoni: "Hapa hakuna mtu." Kosa la mgeni huyo, likiwa la mpita njia tu, si neno. Lakini likiandikwa katika sheria, linakuwa msiba.

Neno moja la mwaka 1885

Ndivyo ilivyotokea. Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II ilikuwa changa kabisa. Msimamizi Mkuu wake alitoa agizo juu ya ardhi. Agizo lilisema kwamba mtu yeyote asiwanyang'anye wenyeji ardhi wanayokaa. Hilo lilikuwa neno jema. Lakini lilisema pia kwamba ardhi tupu ihesabiwe kuwa mali ya Dola. Shida yote ilijificha katika neno hilo "tupu". Tupu machoni pa nani?

Wakubwa wa Dola, waliokuwa wakiitwa Bula Matari, walijibu wenyewe bila kuwauliza wenyeji. Walisema ardhi ya kijiji ni pale penye nyumba na penye shamba linalolimwa sasa. Mengine yote, maana yake msitu wa kuwindia, wa kuokotea, na mashamba yote yaliyokuwa yakipumzika, ni ya Dola. Kwa maagizo ya mwaka 1891 na 1892, pembe za ndovu na mpira wa msitu wa Dola viliwekwa chini ya Dola na makampuni yaliyopewa sehemu zake. Toka siku hiyo, mtu aliyekata mpira katika msitu wa babu yake na kuuza kwa mchuuzi alihesabiwa kuwa mwizi.

Habari za mpira mwekundu wa damu wengi wamezisikia kwa wazee. Ulaya ilitaka mpira kwa magurudumu ya baiskeli na motokaa. Vijiji viliandikiwa kiasi cha kuleta. Wanawake walifungwa mpaka waume zao walete mzigo, viboko vilipigwa, risasi zilipigwa, mikono ya watu ilikatwa. Mwaka 1903 sheria iliandika kwamba kodi ya kazi isizidi saa 40 kwa mwezi. Lakini kamba za mpira za karibu zilikuwa zimekwisha, kwa sababu watu walioogopa kiboko walizikata na kuzing'oa mizizi badala ya kuzigema kwa uangalifu. Ikawalazimu kwenda mbali na kulala msituni siku nyingi, mashamba yao yakameza majani, na njaa na malale vikaingia vijijini.

Tuangalie vizuri jambo hilo la kamba zilizong'olewa. Watu walewale waliojua kuutunza msitu kwa vizazi vingi waliuharibu kwa mikono yao. Je, walisahau desturi? Hapana. Mali iliyokwisha kutangazwa kuwa ya mwingine, na inayotakiwa kwa fimbo, hakuna mtu anayeitunza kwa ajili ya kesho. Neno hili tutaliona tena mbele.

Tume ya uchunguzi iliyotumwa Kongo mwaka 1904, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1905, iliona wazi ubaya wa kuwafungia wenyeji ndani ya vibanda na mashamba yao tu. Padre Arthur Vermeersch, Mjesuiti wa Ubelgiji, aliandika kitabu mwaka 1906 juu ya mambo ya Kongo, naye aliulaumu utaratibu huo wa ardhi. Mwezi Juni mwaka uleule Dola ilitoa agizo jipya: kijiji kiweze kupewa ardhi hata mara tatu ya ile inayokaliwa na kulimwa.

Mara tatu! Tufanye hesabu pamoja. Ikiwa shamba linalimwa miaka mitatu na kupumzika miaka 15, jamaa moja inahitaji mara sita ya shamba lake, bila kuhesabu mahali pa kuwindia wala pa kuokotea. Walioandika agizo walidhani wanatoa ukarimu mkubwa, kumbe hawakurudisha hata nusu ya mahitaji.

Michikichi na mashamba ya mistari

Mwaka 1908 Ubelgiji ilichukua nchi mkononi mwa Mfalme. Mateso ya mpira yalipungua, lakini neno "tupu" halikufutwa. Mwaka 1911 Serikali ya koloni ilifanya mapatano na Mwingereza William Lever, mtengenezaji wa sabuni. Kampuni yake iliruhusiwa kuchagua hektari 750,000 za michikichi ndani ya duara tano, ambazo ziliitwa Leverville, Alberta, Elisabetha, Brabanta na Flandria. Michikichi hiyo ilisemwa kuwa ya mwitu.

Lakini kila mwenyeji ajua kwamba mchikichi hausitawi katika giza la msitu mzito. Unataka mwanga. Ukiona michikichi mingi pamoja katikati ya msitu, ujue watu walikaa hapo, walikata, walilima, walikula ngazi na kutupa kokwa. Michikichi ile ilikuwa shahidi wa vijiji vya zamani, nayo ikachukuliwa kuwa ushahidi kwamba hapana mwenyewe. Wajukuu wa waliokula ngazi zile waliajiriwa kuipanda na kuikata kwa mshahara mdogo, tena wakakatazwa kuuza matunda yake kwa mfanya biashara mwingine.

Hata hivyo yatupasa kusema haki. Si kila kitu kilikuwa kibaya, na si kila mtumishi wa Serikali alikuwa kipofu. Agizo la mwaka 1934 lilitaka uchunguzi ufanywe na wenyeji waulizwe kabla ya kutoa ardhi kwa mtu wa nje. Na huko Yangambi, kwenye mto Kongo chini ya Kisangani, wataalamu wa taasisi ya kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933 walichunguza udongo wa msituni kwa miaka mingi. Waliona nini? Waliona kwamba pumziko la msitu ndilo mbolea, na kwamba mwenyeji hakuwa mvivu alipoacha shamba lake. Basi walipanga mashamba katika mistari mirefu, mstari unaolimwa kando ya mstari unaopumzika, ili pori lirudi upesi.

Elimu ilikuwa nzuri. Njia ya kuileta ilikuwa mbaya. Mistari ilipimwa na mabwana shamba, pamba na mazao mengine yaliamriwa kwa lazima, na asiyelima alitozwa faini au alifungwa. Uhuru ulipofika mwaka 1960, watu wengi waliiacha mistari ile. Hawakukataa mashamba yaliyopumzika, ambayo walikuwa nayo toka zamani. Walichokataa ni fimbo.

Baada ya uhuru

Mtu angedhani kwamba wakoloni wakiondoka, msitu ungerudi kwa wenyewe. Sheria ya Bakajika, ya tarehe 7 Juni 1966, ilikusudia kuvunja mamlaka ya makampuni yaliyopewa ardhi na wakoloni. Lakini ardhi ilirudi kwa Serikali ya Kinshasa, haikurudi kwa koo. Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Hiyo ilitangaza kwamba udongo wote wa nchi ni mali ya Serikali peke yake. Na ile ardhi ambayo vijiji vinaishika kwa desturi? Sheria ilisema kwamba haki za wenyeji juu yake zitapangwa baadaye kwa agizo la Rais. Vizazi viwili vilizaliwa na kukua katika kulingojea agizo hilo.

Wengine hawakupewa hata nafasi ya kungoja. Katika Kivu, mwaka 1970, mbuga ya Kahuzi-Biega iliwekwa ili kuhifadhi sokwe wakubwa. Mwaka 1975 iliongezwa kutoka hektari 60,000 hivi hadi 600,000. Batwa waliokuwa wakiishi katika msitu wa juu walitolewa bila malipo na bila mahali pa kwenda. Mtu aliyekuwa akipata nyama, asali na dawa katika msitu alianza kulima shamba la jirani kwa kibarua, na alipoingia msituni kutafuta kuni alikamatwa kama mwizi. Sokwe ni kiumbe cha thamani, nasi tunataka wajukuu wetu wamwone. Lakini msitu ule ulikuwa bado na sokwe baada ya Batwa kukaa nao vizazi vingi. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyoona kwamba haki za Batwa hao zilivunjwa.

Chumvi na sabuni

Vita vilipoivunja nchi toka mwaka 1996, vibali vya kukata miti viligawanywa ovyo. Aprili 2002 Serikali ilifuta vibali vya hektari milioni 25 hivi, na mwezi wa Mei ikasimamisha utoaji wa vibali vipya, ingawa vingine vilizidi kutolewa kwa njia za pembeni. Tarehe 29 Agosti 2002 ilitolewa sheria mpya ya misitu kushika mahali pa ile ya mwaka 1949.

Sheria hiyo nayo inasema kwamba misitu ni mali ya Serikali. Lakini iliingiza maneno mapya. Kampuni inayokata miti lazima ijengee watu barabara, shule au nyumba ya matibabu. Sehemu 40 kwa mia za kodi ya eneo zilipaswa kurudi katika majimbo na wilaya kwa ajili ya kazi za faida ya watu. Maneno mazuri. Lakini kwa miaka mingi fedha hizo hazikuonekana vijijini, na juu ya shule, kila mkubwa wa kampuni alitoa alivyopenda. Mwaka 2007 chama cha Greenpeace kilitangaza mapatano ambayo wakubwa wa vijiji walitia sahihi: waliruhusu miti ya thamani kubwa ikatwe, na zawadi yao ilikuwa chumvi, sabuni, kahawa, sukari na pombe.

Tusiwacheke wazee hao. Mtu anayeambiwa miaka 120 kwamba msitu si wake, akiletewa mfuko wa chumvi kwa ajili ya msitu huo, aona ni faida. Tumewasikia vijana katika vijiji vya barabara ya kwenda Kisangani wakisema waziwazi: "Tusipowauzia wenye misumeno sisi, kesho atakuja mwenye karatasi kutoka mjini, naye hatatupa kitu." Basi mti wa miaka 200 unauzwa kwa bei ya baiskeli. Mbao zinapakiwa kwenda Beni na Butembo, na nyingine zinavuka mpaka kwenda Uganda na Kenya. Ni kamba za mpira zilezile zinazong'olewa mara ya pili.

Na mti si mbao tu. Mti mkubwa wa sapeli unalisha viwavi, na majira yakifika viwavi vinaanguka chini na kijiji kizima kinakula na kuuza. Mwanamume anayeuza sapeli apata fedha mara moja. Mke wake apoteza mboga na fedha za daftari za watoto kila mwaka. Lakini katika mikutano mingi ya mapatano wanaume ndio walioketi mezani, na viwavi havikuhesabiwa. Toka mwaka 2010 agizo la waziri lataka mapatano hayo yaandikwe vizuri, yazungumzwe na wenyeji, na sehemu ya bei ya kila meta ya ujazo iwekwe katika mfuko wa maendeleo yao. Ni hatua mbele. Bado yafaa wanawake waketi mezani.

Mlango uliofunguliwa mwaka 2014

Ndani ya sheria ya mwaka 2002 kulikuwa na kipengele kimoja kidogo, cha 22, kilichosema kwamba jamii ya wenyeji yaweza kuomba na kupewa bure msitu inaoushika kwa desturi. Kipengele hicho kililala miaka 12. Mwishowe agizo la tarehe 2 Agosti 2014, na lingine la Februari 2016, yalieleza njia ya kufuata. Jamii yaweza kupewa hati ya msitu wake mpaka hektari 50,000, bila malipo na bila mwisho wa miaka. Gavana wa jimbo ndiye anayetia sahihi.

Tusizidishe maneno. Hati hiyo haifanyi udongo kuwa mali ya ukoo. Sheria ya mwaka 1973 haikuondolewa nayo. Lakini kwa mara ya kwanza toka mwaka 1885 kijiji chaweza kumwonyesha mgeni karatasi yenye ramani na kusema: "Msitu huu si mtupu. Tazama majina yetu." Na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya haki za Batwa, Wambuti na ndugu zao imeongeza nguvu, kwa kuwa inatambua haki yao juu ya ardhi na misitu wanayoitumia toka zamani.

Lakini hati yaweza kuleta baraka au ugomvi. Maombi yataka ramani ya mipaka, habari za asili ya jamii, na mkutano wa watu wote. Jamii iliyopewa msitu lazima iwe na mkutano wake mkuu, kamati ya uongozi, kamati ya kusimamia na baraza la wazee. Mahali watu walipopitia hatua hizo kwa uaminifu, msitu una mwenyewe. Mahali mkubwa mmoja alipoketi usiku na mnunuzi wa mbao na kuandika majina ya watu waliolala, hati ni karatasi ya chumvi na sabuni tu, ila ina muhuri mzuri zaidi.

Kwa hiyo, ninyi mnaokaa msituni, msingoje siku ya kuletewa karatasi. Anzeni sasa, maadamu wazee wapo. Waombeni wawaongoze mtembee mpaka wote kwa miguu, kijito kwa kijito, pamoja na majirani, ili wakubali mbele ya macho ya wote. Waiteni Wambuti na Batwa, maana wanajua njia ambazo sisi hatuzijui. Waulizeni akina mama ni wapi wanapookota viwavi na mangungu. Andikeni majina ya vijiji vya zamani na ya waliozikwa humo. Mtoto aliyesoma aandike yote katika daftari, nalo lisomwe mbele ya mkutano. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Bula Matari alikuwa na daftari mwaka 1885, nasi hatukuwa nalo.

Na siku atakapokuja mtu na karatasi, awe wa kampuni, au wa Serikali, au mtoto wa kijiji aliyetajirika mjini, asomewe kwanza daftari lile. Ndipo aulizwe ni sehemu gani ya msitu huo anayoiona kuwa tupu.